Gasketi ya Hedi Haiungui Bure: Tengenezeni Gari la Kikundi Bila Kurudia Kazi



Safari hii tunataka kuongea juu ya gari. Tunajua si vikundi vingi vyenye gari. Lakini vile vilivyo nalo, mara nyingi ni gari kuukuu lililonunuliwa kwa harambee, na siku likilala, kazi yote ya kikundi inalala nalo. Katika magonjwa ya gari kuukuu, mmoja unaomaliza akiba ya vikundi upesi ni huu wa kuungua gasketi ya hedi.

Sisi wenyewe tulifundishwa kwa uchungu. Land Rover tunayoitumia ilichemka mlimani siku ya soko, ikiwa imebeba kabeji za kikundi cha akina mama. Tukaongeza maji, tukaendelea. Ikachemka tena. Fundi akafungua hedi, akaweka gasketi mpya, tukalipa. Baada ya wiki tatu ikaungua tena. Tukasema ati gasketi ilikuwa feki, tukanunua nyingine. Ilipoungua mara ya tatu, mzee mmoja fundi wa jua kali alitutazama akauliza: "Lakini kilichoichoma ni nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kumbe rejeta ilikuwa imeziba karibu nusu, kwa matope ya maji ya mto tuliyokuwa tukiitilia miaka yote. Tulikuwa tumebadilisha gasketi mara mbili bila kugusa ugonjwa wenyewe. Akina mama walipoteza kabeji za siku tatu za soko, na mweka hazina wao akabaki na kitabu kitupu.

Ndiyo sababu tumeandika makala haya. Kubadilisha gasketi ya hedi kunawezekana hapo nyumbani, mkiwa na subira na vyombo vichache. Lakini kuibadilisha bila kujua kilichoichoma ni kutupa pesa.

GASKETI YA HEDI NI NINI?

Injini imeundwa kwa sehemu mbili kubwa. Chini kuna bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Juu kuna hedi, yaani kichwa, chenye vali na plagi. Katikati ya hizo mbili hulala gasketi, kibati chembamba chenye matundu mengi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visikutane: moto wa petroli ndani ya silinda, maji ya kupoza injini, na oili.

Injini ikichemka sana, chuma hutanuka na hedi inaweza kupinda. Hapo gasketi hupata mwanya, moto hupenya, na sehemu moja huungua. Kuanzia hapo maji yaingia silinda, au moto waingia kwenye maji, au maji na oili vyachanganyika.

DALILI ZAKE

1. Maji ya rejeta yapungua kila siku, na hamwoni panapovuja.
2. Moshi mweupe mwingi hutoka nyuma hata injini ikiwa imeshika moto.
3. Oili yabadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa. Lakini msiogope upesi. Kwenye baridi ya mlimani, ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili waweza kuwa umande tu. Tazameni kile kijiti cha kupimia oili: kama oili yenyewe ni nyeupe, hapo kuna shida.
4. Fungueni kifuniko cha rejeta asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, kisha washeni. Mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma, moto unaingia kwenye maji.
5. Injini yatetemeka na kukosa nguvu, hasa ikiwa silinda mbili zilizo jirani hazifanyi kazi.

ONYO: Kamwe msifungue rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yana presha na yataruka usoni. Ngojeni mpaka muweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuungua.

KWANZA TAFUTENI KILICHOICHOMA

Kabla ya kushika spana, kikundi kikae na dereva kimwulize. Ilichemka lini? Wapi? Geji ya joto ilisema nini? Dereva asitishwe, kwani akiogopa kulaumiwa ataficha, na ukweli wake ndio dawa. Kisha kagueni mambo haya moja moja:

Rejeta. Tazameni kama mapezi yake yamejaa vumbi, majani na wadudu. Ndani, tazameni kama kuna kutu na matope. Rejeta iliyoziba ipelekwe ikazibuliwe.

Mipira ya maji. Ibonyezeni. Iliyolainika kama uji, au iliyokauka ikapasuka, ibadilishwe.

Mkanda wa feni. Ukilegea, feni na pampu ya maji havizunguki sawasawa.

Thamostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikishapata joto. Kitoeni, mkitumbukize katika sufuria ya maji juu ya jiko. Kinapaswa kufunguka kabla maji hayajachemka. Kikikataa, nunueni kingine. Wako mafundi wanaokitoa na kukitupa. Hilo si dawa, maana injini hukaa baridi kuliko inavyotakiwa na kunywa petroli zaidi.

Kifuniko cha rejeta. Wengi hukidharau, lakini kwa sisi tunaokaa juu milimani kina kazi kubwa. Mombasa maji huchemka kwenye digrii 100. Nyahururu, iliyo kama mita 2,300 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 92 hivi. Kifuniko kizuri hufunga presha ndani ili maji yachelewe kuchemka. Kila paundi moja ya presha huongeza karibu digrii moja na nusu. Kifuniko kibovu, au kile cha kuokoteza kilichofungwa kwa kitambaa, huifanya injini ichemke mlimani wakati ya mwenzako inapita.

Tena, msitie unga, mayai wala sabuni ndani ya rejeta ili kuziba uvujaji. Vitaziba kweli, lakini vitaziba na njia za maji.

JE, KAZI HII MNAIWEZA?

Maelezo haya ni ya Land Rover Series III ya petroli, ile ya lita 2¼ (cc 2286), ambayo iliundwa kati ya 1971 na 1985. Tumeichagua kwa sababu bado iko mashambani, hedi yake ni ya chuma kigumu, na vali zake husukumwa na fito kutoka chini, kwa hiyo hakuna cheni ya kufungua. Magari mengine hutofautiana. Peugeot 504 ya petroli, kwa mfano, ina silinda za kupachikwa ndani ya bloku. Ukishatoa hedi halafu ukazungusha injini, silinda hizo zaweza kuinuka, na maji yakaingia kwenye oili. Kama gari lenu si la aina hii, tafuteni kitabu chake au fundi anayelijua.

Vyombo mtakavyohitaji: boksi spana na spana za inchi, bisibisi, fila geji (kile kifungu cha vibati vyembamba vya kupimia nafasi), rula ndefu ya chuma iliyonyooka, beseni, matambara safi, na spana ya kupimia nguvu ambayo mafundi huiita toki renchi. Kama hamna toki renchi, tutawaonyesha njia. Nunueni gasketi ya hedi mpya, gasketi ya kifuniko cha roka, gasketi za manifodi, oili na filta. Gasketi ya zamani hairudishwi hata ikionekana nzuri.

Tengeni siku mbili. Msianze kazi hii jioni mkiwa na safari ya soko kesho yake.

KUFUNGUA

1. Injini iwe baridi. Toeni waya wa betri. Mwageni maji ya rejeta na ya bloku katika beseni. Kama yana dawa ya rejeta, wekeni mbali na watoto na mifugo, maana ni tamu na ni sumu.

2. Toeni bonneti, chujio la hewa, mipira ya maji, waya za plagi, na waya na vyuma vinavyokwenda kwenye kabureta. Kila waya mfungie kikaratasi chenye namba. Fungueni bomba la moshi kwenye manifodi. Fungueni pia lile bomba dogo la oili linaloingia nyuma ya hedi.

3. Toeni kifuniko cha roka. Legezeni skrubu za kurekebishia vali. Kisha legezeni bolti kidogo kidogo, mkianzia za nje kwenda katikati, si moja moja mpaka mwisho. Baadhi ya bolti za hedi ndizo pia zinazoshika shafti ya roka. Mnapoiinua, shikeni ncha zote mbili, roka zisije zikachomoka na kutawanyika.

4. Vuteni zile fito 8 zinazosukuma vali. Chukueni katoni, itobweni matundu 8, andikeni namba 1 mpaka 8 kuanzia mbele ya injini, na kila fito itie tundu lake. Bolti nazo zifanyiwe hivyo, maana urefu wake si mmoja.

5. Hedi ikikataa kutoka, igongeni pembeni kwa gogo au nyundo ya mti. Msichomeke bisibisi kati ya hedi na bloku, mtakwaruza chuma na maji yatapita hapo milele. Hedi hii ni nzito. Waiinue watu wawili, waiweke juu ya mbao.

KUKAGUA NA KUSAFISHA

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hukimbia.

Itazameni gasketi ya zamani kabla hamjaitupa. Palipoungua pataonekana peusi, na mara nyingi ni pembamba kati ya silinda mbili. Tazameni hedi na bloku mahali hapo hapo kama kuna ufa.

Kwanguueni mabaki taratibu kwa kibati kisicho na makali. Lowesheni kwanza kwa maji kidogo, wala msipulize vumbi. Gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Zibeni silinda na matundu ya oili kwa matambara ili uchafu usiingie, na myahesabu matambara hayo ili lisibaki hata moja.

Sasa pimeni hedi. Ilazeni uso juu, simamisheni rula ya chuma juu yake kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hadi pembe. Jaribuni kupitisha fila geji ya milimita 0.10 (inchi 4 kwa elfu) chini ya rula. Ikipita, hedi imepinda. Ipelekeni kwenye karakana yenye mashine ya kuisawazisha, kazi ambayo mafundi huiita kuskimu. Pimeni na bloku vilevile. Ukifunga hedi iliyopinda, hata gasketi ya bei ghali itaungua.

Tazameni na viti vya vali. Injini hizi ziliundwa wakati wa petroli yenye risasi, na risasi hiyo ilikuwa ikivilinda viti vya vali. Petroli hiyo iliondolewa Kenya mwaka 2006. Kama viti vimelika, hedi ikiwa chini ndiyo nafasi ya kuvitengeneza.

Mwisho, kausheni matundu ya bolti kwenye bloku. Maji au oili ikibaki ndani ya tundu lisilo na pa kutokea, bolti ikikazwa inaweza kulipasua bloku.

KUFUNGA

Futeni nyuso zote mbili mpaka ziwe kavu na safi. Lazeni gasketi mpya, mhakikishe kila tundu lake limelingana na la bloku, na kama ina alama ya upande wa juu, ifuateni. Teremsheni hedi polepole, moja kwa moja, bila kuiburuta. Rudisheni kila fito katika nafasi yake, na mhisi kwa vidole kwamba imekaa kwenye kikombe chake chini. Kisha rudisheni roka. Pakeni bolti oili kidogo kwenye nyuzi zake na mziingize zote kwa mkono kwanza.

Kukaza ndiko kunakotenganisha fundi na mtu mwenye nguvu tu. Anzeni na bolti za katikati, kisha mwende nje kwa kupishana, upande huu na upande ule. Msikaze mara moja. Kazeni kwa hatua tatu. Bolti kubwa za nusu inchi humalizia kwenye paundi-futi 65, na bolti ndogo za roka kwenye paundi-futi 18.

Kama hamna toki renchi, chukueni mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia kahawa au mahindi, mradi isome kilo moja moja. Chomekeni bomba kwenye mkono wa spana, mpime sentimita 60 kutoka katikati ya bolti, na mfunge ndoana ya mizani hapo. Vuteni mizani kwa kulala, iwe pembe mraba na bomba. Hatua ya kwanza vuteni mpaka kilo 5, ya pili kilo 10, ya tatu kilo 15. Hiyo kilo 15 ni sawa na paundi-futi 65. Kwa bolti ndogo, pimeni sentimita 30, mvute mpaka kilo 8. Mmoja avute, mwingine asome mizani, wa tatu aandike. Ni njia ya kizamani, lakini yashinda mara mia kukaza kwa kukisia.

KUPIMA VALI

Nafasi kati ya roka na vali iwe inchi 10 kwa elfu (milimita 0.25) kwa vali zote. Zihesabuni vali kutoka mbele, 1 mpaka 8. Kanuni yake ni rahisi: jumla iwe 9. Toeni plagi, zungusheni injini kwa hendeli mpaka vali ya 8 ibonyezwe mpaka mwisho. Hapo pimeni ya 1. Vali ya 6 ikiwa imebonyezwa, pimeni ya 3. Ya 4 ikibonyezwa, pimeni ya 5, na hivyo hivyo mpaka zote nane ziishe. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo.

KUWASHA

Badilisheni oili na filta, kwa sababu oili ya zamani yaweza kuwa na maji. Oili chafu msiimwage shambani wala mtoni. Iwekeni katika mtungi mliouandika jina.

Jazeni rejeta polepole kwa maji safi, ya mvua yakipatikana, pamoja na dawa ya rejeta inayozuia kutu. Washeni, muiache ingurume taratibu. Tazameni kwamba oili yafika kwenye roka, kwamba hakuna panapovuja, na kwamba mpira wa juu wa rejeta wapata joto thamostati inapofunguka. Iacheni ipoe kabisa, ndipo mwongeze maji yaliyopungua.

Gasketi nyingi za aina ya zamani hutaka bolti zikazwe tena baada ya kilomita 800 hivi, injini ikiwa baridi, kwa mpangilio uleule. Someni pakiti, maana baadhi ya gasketi mpya hazitaki. Mkikaza tena, pimeni vali tena.

KAZI YA KIKUNDI

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa maji uliopasuka ni ufa. Hedi iliyopinda ni ukuta. Kwa hiyo kikundi kikubaliane mambo matatu.

Kwanza, kila asubuhi kabla ya safari mtu mmoja apime maji na oili, na aandike katika daftari. Daftari likionyesha maji yanapungua kila siku, mmeujua ugonjwa kabla gari halijalala njiani.

Pili, dereva awe na ruhusa ya kusimama. Geji ikipanda kwenye alama ya moto, azime na angoje, hata kama gari limejaa na soko linafungwa. Ile siku yetu ya kabeji, dereva aliiona geji. Aliogopa kusimama kwa sababu sisi tuliokaa nyuma tulikuwa tukimhimiza. Kusimama nusu saa kungetugharimu kabeji chache. Kuendelea kuligharimu akiba ya akina mama.

Tatu, wekeni akiba ndogo ya gari kila mwezi, mbali na pesa nyingine za kikundi. Yesu katika Injili ya Luka sura ya 14 alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Anayenunua gari kuukuu naye aketi ahesabu, si bei ya kulinunua peke yake, bali na ya kulitunza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu, au mashine yetu ya kusaga, iliharibika mara ya mwisho kwa nini? Tulitengeneza ugonjwa au dalili?
2. Dereva wetu ana uhuru wa kusimama? Nani humhimiza asisimame?
3. Maji tunayotia katika rejeta yanatoka wapi?
4. Kati yetu, kijana gani anaweza kukaa na fundi siku mbili ili ajifunze kazi hii?